Zimebaki trofi nne, na jamaa anataka paswedi yangu

Habari za kazi wakuu. Nipo Tanga, nachezea PS4 Slim. GTA V nimeimaliza upande wa hadithi kwa asilimia 100, medali 70 za dhahabu ninazo, na GTA Online nimeshavuka rank 100. Kilichonikwamisha nisipate platinamu, ile trofi ya mwisho inayotoka ukishapata nyingine zote, ni trofi nne za mtandaoni: Unnatural Selection, Numero Uno, Backseat Driver na Decorated. Zote zinataka watu, na mtaani kwetu kila mwenye PS4 anacheza mpira tu.

Nikajiunga PSNProfiles, tovuti ya wasaka trofi za PlayStation, nikakuta watu wanapanga vikao vya kusaidiana. Kikao kimoja niliingia saa iliyotajwa, sikukuta mtu, na kesho yake naambiwa eti mimi ndiye sikutokea. Kingine mwaliko ulifika, nikabonyeza, gemu ikazunguka weee halafu ikanirudisha nilikotoka. Cha mwisho tulikuwa wimbi la nane la Survival, ule mchezo wa kuhimili mawimbi kumi ya maadui, hotspoti ya simu yangu ikakata. Mwenyeji akanifuta kwenye marafiki zake bila hata kuniuliza.

Sasa kuna jamaa kwenye kundi la WhatsApp ananiambia nimpe barua pepe na paswedi pamoja na elfu arobaini, atanitolea zote nne ndani ya siku mbili. Anasema kila mtu anafanya hivyo. Nimpe? Halafu binamu yangu anadai trofi ya kubebwa si trofi, ni udanganyifu tu. Ni kweli? Na mjomba ana PS3 yenye GTA V hiyohiyo. Kule je, siwezi kupata kirahisi?

Msaka Platinamu, Tanga

*

Usimpe, mdogo wetu. Tunaanza hapo kwa sababu jamaa wa WhatsApp ana haraka kuliko sisi.

Akishapata paswedi, cha kwanza atakachofanya ni kuifanya PS4 yake iwe Primary PS4, yaani mashine kuu, ya akaunti yako. Hapo mashine yako inavuliwa cheo hicho. Gemu ulizozipakua zinawekewa kufuli kwa watumiaji wengine wa hapo nyumbani, na aliyekuwa anacheza mtandaoni kwa mgongo wa PS Plus yako, ule usajili wa kulipia, anakatwa. Unaweza kuzima mashine zote kupitia tovuti ya Sony, lakini ruhusa hiyo hutolewa mara moja tu kwa miezi sita. Pili, atakuomba uzime uthibitisho wa hatua mbili "kwa muda". Ukiuzima, kubadilisha barua pepe ya akaunti ni kazi ya dakika mbili.

Tatu ndilo linalowaumiza zaidi watu wa huku. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, hivyo wengi akaunti zetu tumezifungua kwa anwani ya Uingereza, Marekani, Afrika Kusini au Falme za Kiarabu. Siku ukiibiwa na ukawaandikia Sony, watataka uthibitishe ulichojaza siku ile: tarehe ya kuzaliwa, anwani, mashine ya kwanza. Aliyejaza anwani ya kubuni na kuisahau hana cha kujibu. Na kwa vile masharti ya Sony yenyewe yanakataza kumpa mtu mwingine akaunti, malalamiko yako yanaanzia kwenye kosa lako.

Hata kama jamaa ni mkweli, kila trofi hugongwa muhuri wa tarehe na saa. Decorated ni trofi ya kuvuja jasho. Ikitoka siku mbili baada ya rekodi yako kukaa kimya, inajieleza yenyewe. Trofi ikishatoka haifutiki. Unachoweza ni kuficha gemu nzima, pamoja na kila kitu ulichokihangaikia humo. Na platinamu yenyewe, tangu hesabu zilipobadilishwa Oktoba 2020, ni pointi 300, wakati dhahabu ni 90, fedha 30 na shaba 15. Elfu arobaini kwa pointi hizo, na za kutolewa na mtu mwingine, ni ghali.

Kuhusu binamu. Xbox ilianza na achievements Novemba 2005, PlayStation ikafuata na trofi Julai 2008 kwa sasisho la 2.40 la PS3. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakiweka trofi zinazohitaji umati mtandaoni, halafu umati unahamia gemu nyingine na trofi zinabaki pale zikimsubiri mtu. Jamii kama PSNProfiles, TrueTrophies na TrueAchievements zimejaa watu waliokwama hapo. Wanaandika miongozo, wanahesabu trofi zipi zinaweza kukupita usipoangalia, na wanapanga vikao. PSNProfiles inaruhusu watu kupangiana ushindi. Inachokataa ni faili za save zilizochezewa, mashine zilizodukuliwa, na trofi ambazo saa zake haziwezekani. Mwenye hizo huondolewa kwenye msimamo. Kwa hiyo mbele ya jamii hiyo wewe si mdanganyifu. Binamu abaki na ladha yake, ila ajue kwamba kwenye Unnatural Selection hakuna anayebebwa sana: mawimbi kumi ya Survival ni mawimbi kumi. Numero Uno, ya kushinda kila aina ya shindano la GTA Online, ikiwa ya kupangiana, hatubishani naye, ni kazi ya karani tu.

Sasa tuje kwenye vikao vyako vitatu. Vimeharibika kwa sababu tatu tofauti, na zote zina dawa.

Cha kwanza, sisi tunaona ni saa. Vikao hivi huandikwa kwa saa za mwandaaji au kwa UTC, saa za dunia za kulinganishia, na sisi tuko UTC+3, saa tatu mbele. 20:00 UTC kwetu ni 23:00, saa tano usiku. 20:00 ya London wakati wa kiangazi chao ni saa nne usiku kwetu. Wakati wa baridi ni saa tano. 20:00 ya New York kiangazi ni 03:00 ya huku, saa tisa usiku, na tarehe imeshageuka: Ijumaa usiku yao ni Jumamosi yetu. Hapa ndipo wengi hukosea, wanakaa kusubiri Ijumaa wakati wenzao ndio kwanza wako kazini. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kwenye wiki ambazo mmoja ameshabadilisha na mwingine bado, pengo kati ya London na New York hupungua kwa saa moja, na kikao kilichozoeleka saa nne kinaweza kuwa saa tano bila mtu kukuambia. Hakikisha wasifu wako umewekwa saa za Dar es Salaam au Nairobi. Na unapothibitisha kuja, andika saa kwa UTC na tarehe, kwa tarakimu. Usimwandikie Mwingereza kwamba utafika "saa nne", atakusubiri jioni yake akiwa amekunja ndita.

Kikao cha pili, ile gemu kuzunguka na kukurudisha, kina sababu tatu zinazowezekana. Zipitie kwa mpangilio huu.

Kwanza uliza: kikao ni cha PS4 au PS5? GTA V ya PS5 ilitoka Machi 2022, ina orodha yake ya trofi, na wachezaji wake hawakutani na wa PS4 kabisa. Mwenye PS5 anaweza kukusaidia ikiwa tu ataendesha toleo la PS4 kwenye mashine yake. Watu hujisahau hapa kila siku kwa sababu jina la gemu ni lilelile.

Pili, namna ya kulenga. Kama umeweka kulenga huru na wenzako wanatumia ya kusaidiwa, gemu inakutenga nao. Irekebishe ukiwa bado upande wa hadithi, kwenye Settings, Controls, Targeting Mode, kabla hujaingia Online.

Tatu, na kwako tunashuku ndiyo hii, NAT, yaani jinsi mtandao unavyoificha mashine yako nyuma ya anwani ya pamoja. Kwenye PS4 nenda Settings, Network, Test Internet Connection, usome mstari wa NAT Type. GTA Online huunganisha mashine za wachezaji moja kwa moja, hivyo kila mashine inapaswa kufikika kutoka nje. Type 2 inatosha. Type 3 haiwezi kukutana na Type 3 mwenzake, na hata kwa Type 2 ni kubahatisha. Hotspoti ya simu karibu siku zote hutoa Type 3, maana kampuni ya simu inawarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna mpangilio wowote kwenye simu yako utakaolibadilisha hilo.

Ukipata intaneti ya ruta, iwe yako au ya jirani mnayechangia, fungua ukurasa wa ruta na uangalie anwani ya WAN, ile ya upande wa nje. Ikianza na 10., au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, bado uko ndani ya rundo lilelile, na dawa ni kumwomba mtoa huduma anwani ya umma. Kama anwani ni ya kawaida, washa UPnP, inayoiwezesha PS4 kujifungulia milango kwenye ruta, zima ruta na PS4, washa ruta kwanza, kisha PS4, upime tena. Isipokubali, ipe PS4 anwani ya kudumu ndani ya ruta na uielekezee milango ya UDP 6672 na 61455 hadi 61458. Kosa la kawaida ni kuchomeka ruta ya pili nyuma ya ile ya mtoa huduma: unafungua milango kwenye moja, nyingine imefunga.

Kama hotspoti ndiyo uliyonayo na hakuna njia nyingine, liseme wazi kabla ya kikao. Omba mwenyeji awe mwenye Type 1 au Type 2 na pasiwe na Type 3 mwingine zaidi yako. Wenye uzoefu watakuelewa mara moja. Kinachowachosha ni kugundua wenyewe baada ya nusu saa ya mialiko inayogoma.

Kikao cha tatu, cha wimbi la nane. Mwenyeji alikosa ustaarabu, lakini hasira yake tunaielewa. Survival haina kusimamisha wala kuhifadhi katikati. Wewe ukitoka, watatu wanabaki na maadui walewale. Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi, kinachomaliza bando ni sasisho. GTA V ya PS4 inakaribia GB 100, na sasisho lake likianza kushuka kimyakimya katikati ya mchezo, hotspoti inakata roho. Zima upakuaji wa kiotomatiki kwenye Settings, System, Automatic Downloads. Washa gemu mchana wa siku ya kikao ili kama kuna sasisho lishuke mapema. Simu iwe kwenye chaji, iwe karibu na PS4, na uzime upokeaji wa simu kwa kadi unayotumia kwa data, kwani kwenye simu nyingi simu inayoingia hukata data au huishusha hadhi. Umeme nao: UPS ndogo ya 650VA yenye betri ya volti 12 na Ah 7 ina Wh 84 kwenye karatasi. PS4 Slim na televisheni ya inchi 32 usitarajie zibebwe zaidi ya robo saa hivi. Inatosha kumalizia wimbi moja au mawili, si Survival nzima.

Baada ya hapo, namna ya kuzipanga trofi zenyewe. Tafuta watu watatu, muwe wanne. Wanne ndiyo idadi nzuri kuliko zote kwa unachokitaka, na usianze na Survival. Anza na Rally.

Rally ina dereva na msaidizi wa kumwelekeza, gari moja watu wawili. Numero Uno inakutaka ushinde aina hiyo ya mbio, Backseat Driver inakutaka ushike nafasi ya kwanza ukiwa msaidizi. Mkiwa wanne, magari mawili, mbio nne zinawamaliza wote: A anaendesha na B anaelekeza wanashinda, wanabadilishana viti wanashinda tena, kisha C na D vivyo hivyo. Gari la pili lisubiri, lisikimbie. Chagueni njia fupi na mzunguko mmoja. Mpangilio huo uandikeni kwenye ujumbe wa kundi kabla ya kuanza, kwa majina, maana bila maandishi mtu wa nne huwa anasahaulika na wenzake wamekwishapata chao wanaaga.

Mialiko itoke kwa mwenyeji mmoja. Muwe marafiki kwenye PSN tayari, muingie Invite Only Session, kisha mwenyeji afungue menyu, Online, Jobs, Play Job, Rockstar Created. Kwenye chumba cha kusubiria afunge Matchmaking ili mgeni asiwaingilie. Mgeni akiingia kwenye mbio mlizopangiana atashinda yeye, tena bila hatia yoyote.

Numero Uno iliyobaki ifanyeni wawili wawili, si wanne. Gofu, tenisi, vishale, kushindana kwa mkono na kulenga shabaha vinatosha kuchezwa na watu wawili, na watu wanne wakikaa wanatazama gofu la mtu mwingine, wawili wataondoka. Mwenyeji achague raundi chache kabisa zinazoruhusiwa. Anayepaswa kushindwa asitoke katikati, acheze vibaya mpaka mwisho, kwa sababu mechi iliyokatika ushindi wake mara nyingi hauhesabiki. Weka daftari la aina ulizokwisha kushinda na ulinganishe na takwimu za mhusika wako kwenye menyu. Kuna watu wamerudia mbio zote kumbe walichokosa ni mchezo mmoja wa mezani. Na hapa umbali wetu hautuumizi: ping, ule muda wa ishara kwenda na kurudi, ya kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya ingekuua kwenye Deathmatch (mechi ya kuuana) ya kweli, lakini ushindi ukishapangwa, kuchelewa kwa sehemu ya sekunde hakuna maana.

Survival iwe kikao chake, siku yake. Kabla ya siku hiyo jaza mfuko. Kwenye duka la vitafunwa unaweza kubeba P's & Q's 30, EgoChaser 15 na Meteorite 5; Ammu-Nation chukua fulana za kuzuia risasi, 10 za kila aina. Zizoee kwenye menyu ya haraka: shikilia kibao cha kugusa cha pedi, fungua sehemu ya vitafunwa na fulana. Kidole kikijua njia bila kutazama, utakula na kuvaa fulana ukiwa nyuma ya ukuta badala ya kufia kwenye menyu. Aliyekufa hurudi wimbi linalofuata ikiwa kuna hata mmoja aliyebaki hai, kwa hiyo jukumu moja ligawiwe mapema: mmoja akae nyuma, kwenye kona yenye mlango mmoja, asitoke kwa lolote, hata wenzake wakipiga kelele kwenye maiki. Helikopta zikianza kuja, mwingine azishughulikie hizo tu. Baada ya wimbi la kumi msitoke mpaka trofi imeonekana kwenye skrini za wote.

Decorated ni tuzo 30 za platinamu ndani ya GTA Online, na kikao kimoja hakitaimaliza. Fungua orodha ya tuzo kwenye menyu, andika zile zilizobakiza kidogo kufika platinamu, uanze na hizo. Nyingi zitasogea zenyewe wakati wa mbio na mechi za Numero Uno, ndiyo maana tunasema uifanye ya mwisho. Akitokea mtu wa kukuuzia njia ya mkato ya hela au RP (pointi za kupandisha rank) za kumwagiwa, kumbuka Rockstar hufungia wachezaji na kufuta maendeleo ya mhusika, na rank 100 yako iko humohumo.

Unapoomba kikao kipya, ujumbe wako useme haya tu: PS4, trofi nne ulizotaja, NAT Type uliyopima leo, saa unazopatikana kwa UTC, kama una maiki, na kwamba utabaki mpaka wote wamepata zao. La mwisho hilo ndilo linalosomwa kwa makini. Kubali kwanza kikao kimoja au viwili ambavyo wewe huhitaji kitu, hasa Rally inayokosa mtu wa nne. Mwandaaji uliyemwokoa hivyo atakujibu siku ukiandaa chako. Yule aliyekufuta mwandikie sentensi mbili, umwambie hotspoti ilikata na umebadilisha nini. Asipojibu, mwache.

PS3 ya mjomba haitakusaidia. GTA Online ya PS3 na Xbox 360 ilizimwa tarehe 16 Desemba 2021, na platinamu ya toleo hilo ilitaka trofi za mtandaoni zilezile, kwa hiyo asiyekuwa nayo siku ile hawezi kuipata tena. Ukiicheza kule kwa akaunti yako, utafungua orodha ya pili kwenye wasifu wako ambayo haitafika asilimia 100 kamwe. Kama unataka tu kuendesha gari na mjomba Jumapili, tumia akaunti yake.